Ada ya kuchapisha makala (APC): chuo kinalipa au unalipa mwenyewe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakaa dawati la utafiti kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Bongo, na haipiti wiki bila mtu kuingia na simu mkononi, imeili iko wazi, sura imembadilika. Makala imekubaliwa, edita kaandika hongera, alafu chini ya hongera kuna invoisi ya dola 2,000 na ushee, sasa anataka kujua chuo kinalipa au inakuwaje. Majibu nimeyarudia mpaka basi, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Ni ya walioko vyuo vya huku nyumbani na pia ya ndugu zetu wanaosoma PhD Ulaya na Marekani, manake huko hela ipo ila wengi hawajui hata mlango wa kuiombea uko wapi.

APC ni nini, na kwa nini nilipe mimi niliyefanya kazi yote?

Ni ada ambayo jarida linamtoza mwandishi ili makala ikitoka tu isomwe bure na yeyote duniani. Mfumo wa zamani anayelipa ni msomaji, yaani maktaba inalipia jarida kila mwaka, na wewe uliye nje ya hiyo maktaba ukibonyeza unaambiwa toa dola 30 au 40 usome kurasa nane. Tamko la Budapest la 2002 ndo lililoupa jina ufikiaji huria, na wachapishaji BioMed Central (BMC) pamoja na PLOS ndo waliofanya watu wazoee mtindo wa mwandishi kulipa. PLOS Biology ilipoanza 2003 ada ilikuwa dola 1,500. Kufika 2021 jarida la Nature likafungua mlango wake kwa euro 9,500, makala moja hiyo. Zidisha mwenyewe kwa shilingi, mimi nikizidisha nasikia kizunguzungu.

Na ndiyo, wanaoikagua makala yako hawalipwi, na wewe hulipwi. Hilo swali liko juu ya uwezo wa dawati langu.

Kwa hiyo chuo kina mfuko au hakina?

Inategemea uko wapi. Nje, mifuko hii ina umri sasa. Chuo Kikuu cha Nottingham kilikuwa na hela ya aina hii tangu 2006, Berkeley wakaanza wa kwao 2008, alafu 2009 vyuo vitano vya Marekani (Cornell, Dartmouth, Harvard, MIT na hao hao Berkeley) vikasaini makubaliano kwamba kama maktaba zinalipia majarida ya kusoma basi zilipie na waandishi wanaochapisha kwenye majarida huria, vinginevyo majarida huria yanashindana yakiwa yamefungwa mguu mmoja. Uingereza serikali ilianza Aprili 2013 kuvigawia vyuo fungu zima kwa ajili ya ada hizi, kwa hiyo ukiwa mwanafunzi huko na utafiti wako unalipwa na UKRI, yaani shirika la serikali yao la kufadhili utafiti, kuna mtu maktaba kazi yake ni kushughulikia invoisi yako tu. Mtafute.

Siku hizi huko mfuko wenyewe unapungua umuhimu kwa sababu ya mikataba ya soma-na-chapisha, ambapo chuo au nchi nzima inalipa mchapishaji kwa pamoja, kusoma na kuchapisha. Ujerumani wana mikataba inayoitwa DEAL na wachapishaji wakubwa, wakaanza na Wiley 2019, Springer Nature 2020, Elsevier wakaja 2023. Mfumo wa vyuo vya California uligombana na Elsevier mpaka wakavunja mkataba Februari 2019 na wakakaa miaka miwili bila, Machi 2021 wakapatana, na utaratibu wao naupenda: maktaba inaweka dola 1,000 za kwanza yenyewe, zinazobaki zinatoka kwenye granti ya mwandishi, na kama huna granti unatia tiki kwamba huna na maktaba inamalizia yote. Nimeshaongea na kijana wetu aliyekuwa huko, amelipa kwa kadi yake mwenyewe ya benki kwa sababu hakujua hiyo tiki ni ya nini. Jamani.

Huku nyumbani? Vyuo vingi havina mfuko wenye jina hilo. Ila kukosa jina siyo kukosa hela, hela mara nyingi imelala kwenye kurugenzi ya utafiti, au kwenye mradi wa mfadhili ambao una kifungu cha machapisho na hakuna anayekigusa, au kwenye bajeti ya ndaki. Usiulize "kuna mfuko wa APC?" utaambiwa hamna. Uliza "kifungu cha machapisho kipo kwa nani, na nani anasaini". Andika dokezo, ambatisha barua ya kukubaliwa na invoisi, lipite kwa mkuu wa idara. Dokezo lenye viambatisho linatembea, maneno ya kwenye korido hayatembei.

Mfuko kama upo unafanyaje kazi?

Karibu yote inafanana. Anayewahi ndo anapata, kuna kiwango cha juu kwa makala, kuna kiwango cha mara ngapi mtu mmoja aombe kwa mwaka, na jarida lazima liwe huria lote, limo kwenye DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida huria yaliyokaguliwa, au linafuata kanuni zinazofanana. Unaomba kabla ya kulipa. Wengine wanataka uombe kabla hata ya kutuma makala ili wakutengee hela, na ukikataliwa na jarida hela inarudi kapuni. Hawalipii kuhaririwa Kiingereza, picha za rangi, ada ya kurasa zilizozidi wala ada ya kuharakisha. Na kama utafiti wako una granti iliyoruhusu kulipia machapisho watakurudisha kwenye granti kwanza, mfuko wa chuo ni wa yule asiye na pengine pa kwenda, mfano mtu wa fasihi au historia ambaye hajawahi kuona granti tangu aajiriwe.

Hela inaisha kabla mwaka wa fedha haujaisha. Hilo ni kawaida, panga.

Mimi ni mwanafunzi wa PhD, naruhusiwa kuomba?

Kwenye mifuko mingi ndiyo, ilimradi jina la chuo limeandikwa kwenye makala na wewe ndo mwandishi wa mawasiliano. Ukishahitimu na kuondoka, kuna wanaoangalia ulikuwa wapi siku unatuma makala, siyo siku inatoka. Kwa hiyo kama umebakiza miezi miwili kurudi nyumbani, tuma makala ukiwa bado una imeili ya huko. Siyo ujanja, ni haki yako, kazi umeifanyia pale.

Kwa nini kila mtu anaulizia mwandishi wa mawasiliano?

Hapa naomba tukae kidogo manake ndo penye pesa.

Mwandishi wa mawasiliano ni yule mmoja ambaye imeili yake imewekwa kwenye makala na anayeongea na edita. Mikataba, mifuko na misamaha mingi vinamwangalia huyo mmoja tu. Muwe waandishi kumi na wawili, kumi na mmoja wa Morogoro na mmoja wa Stockholm, kama wa Stockholm ndo wa mawasiliano mfumo unaona ni makala ya Sweden na mkataba wao wa Bibsam unalipa, safi kabisa hakuna anayetoa senti. Kama ni wa Morogoro, mfumo unaona ni makala ya Tanzania na hapo tunaingia kwenye misamaha. Na kama wa mawasiliano yuko kwenye nchi isiyo na mkataba wala msamaha, basi mnalipa yote hata kama utafiti wote umefanyika Kilosa.

Sasa tatizo linalonikera. Mwenzetu wa nje anasema "niwe mimi wa mawasiliano, chuo chetu kitalipa", na kweli kinalipa, na kila mtu anashukuru, ila makala ya tatu ya nne ya tano zote zikienda hivyo, siku ya kuomba kupanda cheo wewe uliyekusanya data kwa miaka miwili juani huna hata moja ambayo wewe ndo mwenye sauti. Kamati inauliza nani aliongoza utafiti. Nimeshamwona mhadhiri mmoja anahesabu makala zake mbele yangu, saba, na hakuna hata moja yenye imeili yake. Ushauri wangu, mkae mapema kabisa, siku ya kugawana kazi, mkubaliane nani wa mawasiliano kwa sababu za kazi kwanza alafu ndo muangalie nani ana mkataba. Majarida kadhaa yanaruhusu wawili. Ila uliza ni yupi kati yao mfumo utamhesabu kwenye malipo, manake ni mmoja tu.

Kubadilisha mwandishi wa mawasiliano baada ya makala kukubaliwa ili tu kukwepa ada, wachapishaji wengi hawakubali na inaonekana vibaya.

Imeili ya Gmail ina shida gani? Ya chuo haifanyi kazi nusu ya muda.

Najua haifanyi kazi, na mimi ni mfanyakazi wa hapa hapa. Lakini mfumo wa mchapishaji unatambua kwamba uko chuo fulani kwa vitu viwili, jina la chuo ulilochagua kwenye menyu wakati wa kutuma, na mkia wa imeili yako. Ukiweka Gmail na jina la chuo ukaliandika kwa kifupi chako mwenyewe, mkataba haukuoni na unaletewa invoisi kamili, alafu tunaanza kuandikiana na watu wa huduma kwa wateja kwa wiki tatu. Chagua jina rasmi kutoka kwenye orodha yao, usiandike kwa mkono. Weka imeili ya chuo, na kama una wasiwasi itakata weka Gmail kama ya pili. ORCID nayo, yaani namba yako ya utambulisho kama mtafiti, inachukua dakika tano na ni bure.

Tanzania tunasamehewa ada au hatusamehewi? Kila mtu ananipa jibu tofauti.

Kwa sababu wote wako sahihi. Wachapishaji hawatumii orodha moja.

Kuna orodha ya Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo machapisho ya utafiti bure au kwa bei nafuu, ina kundi A na kundi B. Kundi A ni msamaha wote, B ni nusu bei au ada iliyopunguzwa. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kundi A, na Elsevier kwenye majarida yake huria kabisa anaifuata hii. Alafu kuna orodha ya Benki ya Dunia inayopanga nchi kwa kipato, na ndo Springer Nature, yaani pamoja na BMC, wanaitumia: nchi ya kipato cha chini msamaha wote, kipato cha kati cha chini chenye uchumi usiozidi dola bilioni 200 nusu. Sasa kumbuka Julai 2020 tulivyoshangilia Tanzania kuingia uchumi wa kati. Ndo hapo. Mtafiti wa Mbeya akahama kutoka sifuri kwenda nusu bei kwenye majarida ya orodha hii, na mwenzake wa Kampala, mwandishi mwenza kabisa, akabaki sifuri. Kenya wao waliingia huko tangu 2015. Sijasema uchumi usikue, nasema tu kabla hujachagua jarida ingia kwenye ukurasa wao wa misamaha uone wanafuata orodha ipi, manake nusu ya dola 2,500 bado ni dola 1,250 na hiyo siyo hela ya kutoa mfukoni.

Pia kuna wengine wanaoangalia nani aliyefadhili utafiti na siyo unakaa wapi tu. Utafiti wako wa Ifakara ukiwa unalipwa na mfadhili wa London usishangae wakikuuliza kwa nini mfadhili halipi.

Na usisahau mlango wa EIFL. Hawa wanajadiliana na wachapishaji kwa niaba ya miungano ya maktaba za nchi zetu, Tanzania ni COTUL, Kenya KLISC, Uganda CUUL, na wamepata makubaliano na kina Taylor & Francis na Cambridge University Press ambapo mwandishi analipa kidogo au halipi kabisa. Cambridge wao 2023 walitangaza mpango wa kuwaondolea ada waandishi wa nchi zaidi ya 100 zenye kipato cha chini na cha kati. Hii ndo sababu naomba uje maktaba kabla, siyo baada.

Msamaha naomba lini?

Unapotuma makala. Siku hiyo hiyo. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuuliza nani atalipa, hapo ndo pa kusema. Wachapishaji wakubwa kadhaa wameandika wazi kwamba ombi linalokuja wakati wa ukaguzi au baada ya makala kukubaliwa hawalipokei, na wanashikilia hivyo hivyo. Nimeandika barua za kubembeleza nyingi na nimefanikiwa chache.

Watu wananiuliza kama edita ataikataa makala akijua sina hela. Kwenye majarida ya heshima edita haoni upande wa malipo, ni ofisi mbili tofauti. Na msamaha siyo sadaka, mchapishaji ameshauingiza kwenye bei wanayolipa wengine, kwa hiyo omba bila kujikunyata.

Kwa nini wamekataa kunilipia jarida la mseto? Ni Q1, robo ya juu kabisa ya majarida ya fani yangu!

Jarida la mseto ni lile ambalo maktaba bado inalilipia kusoma, ila ukitoa ada makala yako peke yake inafunguliwa. Mifuko mingi haiyalipii kwa sababu mchapishaji anakula huku na huku, analipwa usajili na analipwa ada. Harvard walikataa mseto tangu mwanzo. Umoja wa Ulaya kwenye Horizon Europe, mpango wake wa kufadhili utafiti, haurudishi ada za mseto. Wafadhili wa Plan S, mpango wa kutaka utafiti wanaoulipia uwe huria uliotangazwa Septemba 2018, walivumilia mseto uliomo kwenye mikataba ya mpito, na msaada huo wameufunga mwisho wa 2024. Na misamaha ya nchi zetu kwa kawaida haihusu mseto kabisa.

Ila kumbuka: kwenye jarida la mseto hulazimiki kulipa ili uchapishwe. Chagua njia ya usajili, ni bure kwako, alafu weka nakala yako kwenye hazina ya kidijitali ya chuo. Ile Q1 inabaki Q1.

Nina granti, si inalipia?

Angalia mkataba wako leo. Wellcome, mfadhili wa utafiti wa afya wa London, wanalipia, na watafiti wao, wakiwemo wa Kilifi, wana jukwaa la Wellcome Open Research lililoanza 2016 ambapo Wellcome yenyewe inalipa moja kwa moja, wewe huoni invoisi. Horizon Europe wana jukwaa la Open Research Europe, na hapo pia mwandishi hatozwi. Gates Foundation ndo waliowashtua watu, kuanzia Januari 2025 hawalipi tena ada ya kuchapisha, wanachotaka ni priprinti, yaani makala kabla haijakaguliwa na jarida, iwe wazi kwa kila mtu, kwa hiyo kama bajeti yako ya Gates ina mstari wa APC ulioukopi kutoka kwenye pendekezo la 2021 ufute.

Kosa ninaloliona sana ni muda. Granti inaisha Juni, makala inakubaliwa Novemba, akaunti imeshafungwa. Ongea na mfadhili mapema kuhusu kulipia baada ya mradi kufungwa, wengine wanaruhusu kwa kipindi. Na kwenye bajeti mpya usiandike "machapisho, dola 500". Ingia kwenye tovuti ya jarida unalolilenga, chukua bei halisi, ongeza kidogo, kwa sababu bei hazishuki.

Naambiwa nilipe mwenyewe alafu chuo kitanirudishia. Nifanye?

Mimi singefanya, kama sina karatasi yenye saini. Kurudishiwa huku kwetu kunaweza kuchukua miezi, na dola ikipanda hapo katikati ni juu yako. Afadhali masurufu, au invoisi itoke kwa jina la chuo na ofisi ya fedha ilipe moja kwa moja.

Ofisi ya fedha ikilipa, angalia vitu viwili. Cha kwanza, TT, yaani hela inayotumwa nje kupitia benki, inakatwa makato njiani. Benki ya katikati inachukua dola 20 au 30, mchapishaji anaona pungufu, mfumo wake unasema hujalipa, makala inakaa. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya nani anabeba makato, andika OUR, maana yake anayetuma anabeba yote. Cha pili, kodi ya zuio. Ofisi ya fedha inaweza kutaka kukata kodi kwenye malipo ya huduma kwa kampuni iliyoko nje ya nchi, ambayo ni sheria, ila mchapishaji wa Uholanzi hatakuelewa, anataka hela yake kamili. Ongea na mhasibu kabla invoisi haijaja ili dokezo liombe kiasi kinachotosha vyote. Niliwahi kuhangaika miezi minne na makala moja kwa sababu ya dola 28.

Nitajuaje kwamba jarida siyo la kitapeli?

Mtindo huu wa mwandishi kulipa ndo uliowazaa. Mkutubi mmoja wa Colorado, Jeffrey Beall, aliwapa jina la majarida wawindaji karibu 2010 na akawa anatunza orodha mpaka Januari 2017 alipoifuta. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alituma makala ya uongo ya kisayansi, ina makosa ya wazi kabisa, kwa majarida huria 304, na 157 yakaikubali.

Dalili za haraka: imeili inakuita "Mheshimiwa Profesa" na wewe ni mhadhiri msaidizi, wanaahidi kukubali ndani ya siku tano, ada haijaandikwa mpaka umeshatuma, na jarida la "Sayansi, Biashara, Uuguzi na Dini" kwa pamoja. Tafuta jina DOAJ, pitia maswali ya Think. Check. Submit., alafu muulize mtu wa fani yako kama anawajua wahariri. Angalia na anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kuna majarida halali yameibiwa jina na kutengenezewa tovuti pacha ya kukusanya hela tu.

Ila hata kuwa kwenye Scopus, ile kanzidata ya majarida inayoheshimika, siyo kinga ya milele. Hindawi walikuwa humo, Wiley wakawanunua 2021, na mwaka 2023 makala zao zaidi ya 8,000 zilifutwa baada ya kugundulika viwanda vya makala, yaani watu wanaotengeneza makala feki za kuuza. Waliolipa hawakukosea peke yao, lakini makala zao zimeguswa na jina hilo.

Ukigundua umedakwa, usilipe "ada ya kuondoa makala". Waandikie kwa maandishi kwamba unaiondoa, usisaini kuwapa hakimiliki, weka kumbukumbu, na njoo uniambie, hamna aibu, ameshakuja profesa mzima.

Lazima nilipe? Hamna jarida zuri la bure?

Yapo mengi kuliko ya kulipia. Karibu theluthi mbili ya majarida yaliyomo DOAJ hayamtozi mwandishi chochote, yanaendeshwa na vyuo, vyama vya wataalamu na serikali. Watu wa kompyuta wanalijua jarida la JMLR, lilianzishwa na wahariri waliokuwa wamechoshwa na mchapishaji wao na mpaka leo msomaji halipi na mwandishi halipi. Watu wa Kiswahili mna Swahili Forum inayotoka Ujerumani, haitozi. Kuna AJOL iliyoko Afrika Kusini inayobeba majarida ya bara zima, humo utaikuta Tanzania Journal of Science na mengine ya nyumbani, baadhi yanatoza kidogo kwa shilingi, soma masharti ya kila moja. Anayekuambia jarida la nyumbani halina uzito muulize ni nani anayesoma utafiti wa ugonjwa wa mihogo, daktari wa Boston au bwana shamba wa Mtwara.

Na ile njia ya hazina niliyoitaja: toleo lako la mwisho lililokubaliwa, lile la Word kabla mchapishaji hajalipanga, unaliweka kwenye hazina ya chuo au Zenodo, hazina ya bure ya mtandaoni. Wachapishaji wengine wanataka usubiri miezi 6, 12 mpaka 24, inategemea. Usipandishe PDF yao yenye nembo, hiyo ni mali yao isipokuwa kama imetoka na leseni huria.

Hiyo leseni ya CC BY, si watu wataiba kazi yangu?

Mtu yeyote anaweza kuinakili, kuitafsiri, kuitumia hata kibiashara, ilimradi akutaje. Asipokutaja ndo kaiba. Wafadhili wengi wanaitaka hiyo. Kama kazi yako ina picha za wagonjwa au hadithi za wazee waliokupa kwa imani, ongea nasi kuhusu leseni nyingine kabla hujabonyeza, manake ukishaitoa hairudi.

Na ile hela ya serikali, milioni 50, siwezi kulipia APC nayo?

Ile ni tuzo kwa aliyekwisha kuchapisha kwenye jarida kubwa la kimataifa. Inakuja baadaye, kama ikija. Usiikopee.

Makala imekubaliwa jana, sijaomba msamaha, mfuko hamna, invoisi ni siku 30. Nifanyeje?

Kwanza usibonyeze "lipa". Pili, waandikie leo, siyo edita, ofisi ya malipo, taja nchi yako na sema wazi utafiti haukuwa na ufadhili, omba punguzo na omba siku zaidi. Wakati unasubiri, waulize waandishi wenza wote, mmoja mmoja, kama vyuo vyao vina chochote. Kama jarida ni la mseto, omba lihamishiwe njia ya usajili. Vyote vikigoma, unaweza kuiondoa kabla hujasaini leseni na kuipeleka kwingine, inauma kupoteza miezi minane lakini nimeona mtu akikopa SACCOS kulipia makala na hiyo iliuma zaidi. Dawati letu liko wazi mpaka saa kumi jioni, njoo na invoisi pamoja na ile imeili ya kukubaliwa, vyote viwili, vimeprintiwa kama unaweza kwa sababu printa yetu ni mbovu.